Njema, Ila

Mara ya kwanza kuisikia sauti yangu ikimdanganya mtu, nilikuwa nimeketi naye meza moja, nakunywa chai.

Ilikuwa saa moja asubuhi, katika kantini ya Kituo cha Mvuke cha Ikombelo. Nje ukungu wa Rungwe ulikuwa haujaondoka, na ndani kila mtu alikuwa amekishika kikombe kwa mikono miwili kupata joto, jambo la kuchekesha kwa watu ambao saa moja baadaye wangekuwa chini ya ardhi wakiitamani baridi. Mbele yangu alikaa Gwakisa Mwaipopo, fundi mkuu wa vali, mtu wa miaka hamsini na minne mwenye mikono mipana na haya nyingi. Kofia yake ya kazi alikuwa ameiweka kando ya sahani ya viazi. Kutoka ndani yake nikajisikia nikisema:

"Umeamkaje, kaka Gwakisa? Jana ulivyoifunga ile vali ya tatu, nimelala nikiiwaza kazi ya mikono yako. Leo nakutegemea tena."

Mimi jana yake nililala mapema na nikaota nimepotewa na viatu. Vali ya tatu sikujua hata kama ilikuwa wazi.

Gwakisa aliitabasamia kofia. "Ndaga, dada," akaishukuru kwa Kinyakyusa, kisha akakumbuka kwamba na mimi nipo. "Huyu mwenzako ana maneno matamu kukuzidi. Wewe siku hizi umepoa kama hii chai."

"Yeye hana watoto wa kumkimbiza asubuhi."

"Basi mwambie akufundishe."

Waliokaa meza ya pili wakacheka, na mimi nikacheka nao. Lakini niliona wivu, kisha nikaona aibu ya kuionea wivu sauti yangu mwenyewe. Nikaimaliza chai haraka nikaondoka.

Kazi yetu si ngumu kuieleza. Chini ya kilima kuna mvuke. Tunaupandisha, unazungusha mitambo, mikoa mitatu inapata umeme. Mita themanini chini kuna chumba cha vali, na humo joto halishuki chini ya nyuzi arobaini na sita. Kanuni ya zamani ilikuwa dakika ishirini ndani, arobaini nje. Kwa miaka minne nilikuwa msimamizi wa Zamu B, na Zamu B ilifanya kazi nyingi kuliko zamu nyingine zote na haikuumiza mtu. Meneja wetu, Madam Ngonyani, alitaka kila zamu iongozwe hivyo. Mimi ni mmoja. Ndipo kampuni ikaleta mfumo wa kompyuta uitwao Ari.

Walinivalisha kipaza sauti kwenye kola kwa wiki tatu, wakarekodi kila nililowaambia watu wangu. Kisha kila kofia ikapewa sauti yangu, na kila kifua kikabandikwa kipande cha plastiki kinachosoma mapigo ya moyo, jasho na pumzi. Mtu akianza kulegea, Ari inaona kabla yeye mwenyewe hajajua, inamtilia neno sikioni: la kumsifu, la kumtania, la kumkumbusha mwanawe anayesoma. Watu mia nne, kila mmoja akiongozwa na mimi peke yake, wote kwa wakati mmoja. Wenyewe waliibatiza Dada Kofia. Dakika ishirini zikawa thelathini, thelathini zikawa arobaini, na hakuna aliyelazimishwa. Waliomba wenyewe.

Mimi nikapewa ofisi yenye zulia, cheo cha Kiongozi wa Ari, na picha kubwa getini. Nisijifanye mtakatifu, nilifurahi. Nilitia saini wawe na sauti yangu kwa miaka mitano, na sikusoma ukurasa wa pili. Baba yangu, aliyechuma chai ya watu miaka thelathini, alipoiona ile picha aliuliza swali moja tu: "Umekuwa nyapara?" Hilo ni neno la enzi za viboko. Nikacheka. Yeye akaendelea kuitazama.

*

Jumatatu Bwire alianguka.

Bwire Magoti ni mtu wa Musoma, mrefu, msemaji, wa kwanza kufika na wa mwisho kunyamaza. Walimtoa chumba cha vali amebebwa, midomo mikavu, macho meupe. Nilimkuta zahanati ya kituo ametundikiwa dripu.

"Nisamehe, dada," aliniambia kabla sijaketi. "Nimekuangusha."

"Umeniangusha vipi, na wewe ndiye uliyeanguka?"

Hakucheka. "Ulisema zimebaki vali nne. Nimefunga mbili."

"Ulikaa mle dakika ngapi?"

"Hamsini na kitu." Akalamba midomo. "Lakini nilikwambia, dada. Nilikwambia kichwa kinazunguka."

"Uliniambia mimi?"

"Si ulinijibu? Ukasema safi sana."

Alisema hivyo bila lawama yoyote, kama mtu anayekumbushia mazungumzo ya kawaida. Angenitukana ningejisikia nafuu.

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa Malisa. Malisa ndiye mtaalamu wa Ari, kijana wa miaka ishirini na tisa, mwenye adabu, shati lililopigwa pasi, na skrini tatu mezani. Nikamwambia anionyeshe maneno yote aliyosema Bwire asubuhi ile. Akayaleta.

*Habari za kazi, Bwire?* iliuliza sauti yangu.

*Njema.*

*Safi sana! Nilijua huwezi kuniangusha. Tumalizie hizi nne, kisha tupumzike.*

Kati ya "Njema" na "Safi sana" palikuwa na mstari wa kijivu.

"Hapa pana nini?"

"Sauti za pembeni, dada. Mfumo huzikata."

"Nisikilizishe."

Akasita, akabonyeza. Bwire akasema: "Njema, ila kichwa kinazunguka, sijui ni hili joto, sioni vizuri upande wa..." na juu ya maneno yake, kwa furaha tupu, sauti yangu ikapanda: "Safi sana!"

Nikavuta kiti. "Malisa, kwenu ni wapi?"

"Moshi, dada."

"Kwenu Moshi, mtu akiulizwa habari za nyumbani, anaanzaje?"

"Anasema nzuri."

"Hata akiwa na msiba?"

Masikio yalimwiva. "Anasema nzuri," akajibu taratibu, "ila tumefiwa."

"Basi wewe uliijengea mashine masikio ya nani?"

Mtu wa mbali angekosea hivyo ningemsamehe. Huyu alilelewa kwa salamu zile zile nilizolelewa nazo mimi. Anajua kwamba njema ni mlango tu, kila mtu anaufungua kwa adabu, na habari yenyewe inakuja nyuma yake.

"Mwanzoni tuliiacha," akasema, sasa anaitazama skrini badala yangu. "Tulipima wiki mbili. Mtu akisikilizwa baada ya ila, kazi inasimama dakika nne. Hamasa ya wenzake inashuka. Tukaona... neno lenyewe ni ila, dada. Hata kwenye kamusi ni kasoro. Tukaliweka kwenye orodha ya kasoro. Likitokea, mfumo unafunga swali. Jibu limeshapatikana."

"Na mimi je? Wiki zile tatu hamkunisikia nikisubiri?"

"Tulikusikia." Akafungua faili jingine. "Kila mtu akisema njema, ulikuwa unakaa kimya. Sekunde tano. Sekunde kumi. Hapa kuna sekunde arobaini na moja. Niliukata ukimya wote. Haukuwa na maneno."

Nilitaka kumzaba kofi. Nilitaka pia kulia, kwa sababu hakuna aliyekuwa amewahi kuniuliza Zamu B niliiongozaje, na mimi mwenyewe sikuwahi kulisema kwa sauti. Kabla ya zamu tulikaa juu ya makreti yaliyopinduliwa, na birika la chai ya tangawizi. Nilimuuliza kila mmoja habari, akasema njema, nami nikanyamaza, nikanywa chai, nikatazama pembeni. Wengi walinyamaza na wao. Halafu mmoja angekuna kichwa aseme: ila mgongo. Ila mtoto hajalala. Ila ile ngazi imelegea. Nikishajua hayo, kupanga nani ashuke na nani abaki juu kulikuwa kazi ndogo.

Kreti lile lile ndilo Gwakisa alilokalia siku aliyoniambia habari za mkewe. Hiyo ilikuwa kabla ya vipaza sauti. Nilisubiri mpaka chai ikapoa. Akasema Tusajigwe alikufa akimzaa Subira, damu haikukatika. Yeye alikuwa chini, kwenye kisima cha kwanza, na msimamizi wa wakati ule aliupokea ujumbe akauweka mfukoni, asiivuruge kazi. Alimpa zamu ilipokwisha. Gwakisa alifika hospitali mkewe ameshaoshwa. "Sijamwambia mtu," alisema. "Hata Subira anadhani nilikuwepo." Nikamwambia, kwangu haitatoka.

Nilimtaka Malisa airudishe ila kwenye mfumo siku ile ile. Akasema lazima Madam Ngonyani aridhie. Madam alinipokea amesimama, simu mbili mkononi. Alinisikiliza vizuri, akaniita Sekela mwanangu. Alhamisi wageni wa heshima walikuwa wanakuja kufungua kisima cha nne, akasema. Haiguswi skrubu moja kabla ya hapo. Ijumaa tutakaa tuzungumze.

"Sawa, madam," nikasema. Nilikuwa na mengi ya kuongeza, na yote nilirudi nayo ofisini.

*

Alhamisi, saa nne na dakika kumi, presha ya kisima cha nne ilianza kupanda.

Turubai na viti vya wageni vilikuwa upande wa pili wa kilima. Kwenye chumba cha mitambo tulikuwa mimi na Malisa. Chini, chumba cha vali, walikuwa watatu: Gwakisa, Bwire, ambaye alikuwa ameomba mwenyewe arudi kazini, na Tumpe Kasebele, mama wa mtoto mmoja, fundi hodari kuliko wanaume wengi pale. Walikuwa na dakika thelathini na nane mle. Gasketi inayoziba kiungo cha bomba kubwa ilikuwa imeanza kuvuja.

"Ari inasemaje?"

Malisa akasoma. "Uwezekano wa kupasuka, tisa kwa mia. Kazi inaisha baada ya dakika nane. Uamuzi: endelea kuhamasisha."

Kwenye spika nilijisikia nikicheka na watu wangu. *Tumpe, mikono hiyo ni dhahabu. Bwire, leo ndiyo leo.* Na Bwire, siku tatu toka dripu, akajibu kwa sauti kavu: "Tuko pamoja, dada."

"King'ora kiko wapi?"

"Tulikizima kwenye kofia tangu Machi. Kilikuwa kinalia ovyo, kinawashtua. Amri ya kutoka inapitia kwa Dada Kofia."

"Na yeye ataitoa lini?"

"Ikifika thelathini kwa mia."

"Ikifika thelathini wanabaki na muda gani?"

Alihesabu, na nikaona jasho limemtoka juu ya mdomo. "Dakika mbili."

"Na njia ya kutoka?"

"Dakika nne."

Nambari ikaruka kutoka tisa hadi kumi na nne. Nikampigia Madam Ngonyani, mwenye ufunguo wa kusimamisha kazi. Nyuma yake ngoma zilikuwa zinalia. "Nipe dakika kumi," akasema, "mgeni rasmi yuko kwenye kipaza sauti," akakata. Nikampigia tena, simu imezimwa.

Kulikuwa na laini moja ya moja kwa moja, ya mafundi wa simu, haipiti kwenye Ari. Nikanyakua simu yake ukutani.

"Gwakisa! Bwire! Tumpe! Acheni kila kitu mtoke! Bomba linapasuka!"

Gwakisa akajibu: "Nani huyo?"

"Mimi, Sekela!"

"Sekela yupi?"

"Mimi mwenyewe! Sekela wa juu! Tokeni, nawaomba!"

Nikasikia sauti yangu nyingine ikiingia kati, tulivu, ya mtu aliyelala vizuri. *Kaka Gwakisa, usishtuke. Mimi niko hapa. Unakumbuka nilichokwambia? Mimi huwa sipayuki. Ukisikia ninapayuka, ujue si mimi.*

Nililisema hilo. Wiki ya kwanza ya kurekodi, kwa utani na majivuno, watu wakapiga makofi. Sasa nilikuwa nimesimama na simu mkononi, napayuka, na kila nilivyozidi kupayuka ndivyo nilivyozidi kuwa si mimi.

"Wewe uliyeko kwenye laini hii," Gwakisa akasema kwa upole, "hapa watu wanafanya kazi. Tafadhali." Akaikata.

Ishirini kwa mia.

"Kuna njia nyingine," Malisa akasema. "Mimi naweza kumpendekezea Dada Kofia maneno. Akiyakubali, atayasema yeye. Yeye watamsikia."

Akanipisha kwenye kiti. Nikaandika: *Tokeni sasa hivi, kuna hatari.*

*Pendekezo limekataliwa,* skrini ikajibu. *Hofu ya jumla hupunguza ufanisi. Pendekeza kichocheo cha mtu binafsi.*

"Kichocheo ni nini?"

"Kitu kinachomsukuma mtu kuliko kazi yenyewe." Hakuthubutu kunitazama. "Kiwe cha mtu mmoja. Kiwe na nguvu."

Nilijua mtu gani. Gwakisa akitoka, wengine wawili hawabaki. Ndivyo timu ile ilivyokuwa, mimi mwenyewe niliijenga hivyo. Na nilijua kitu gani. Binti yake Subira alikuwa na mimba ya miezi minane. Ari ilijua jina lake na tarehe yake, ilikuwa ikimtania babu mtarajiwa kila asubuhi. Kile kingine haikukijua. Duniani tulikuwa watu wawili tu tunaokijua.

Sitaki kusema sikuwa na muda wa kufikiri. Nilikuwa nao, nambari ilikuwa ishirini na mbili. Nilifikiri kwamba nikiandika nitamtoa mle akiwa hai, na nitakuwa nimemfanyia kitu ambacho hata yule msimamizi wa ujumbe mfukoni hakumfanyia. Nilifikiri pia kwamba kila kinachoandikwa pale kinakaa. Nikaandika.

*Kaka Gwakisa, Subira anajifungua na damu haikatiki. Anakuita.*

*Eleza kwa nini kichocheo hiki kitafanya kazi,* skrini ikauliza, na chini yake kikafunguka kisanduku cheupe.

Nikakijaza hicho nacho. Nikaiambia kuhusu Tusajigwe, kisima cha kwanza, ujumbe ulivyowekwa mfukoni, hospitali. Maneno machache tu, na mikono yangu ilikuwa imara kupita kiasi.

*Pendekezo limekubaliwa. Maneno yameboreshwa.*

Na kwenye spika, taratibu, sauti yangu ikasema: *Kaka Gwakisa. Weka spana chini. Ni Subira. Damu haikatiki, kama ilivyokuwa kwa mama yake. Safari hii usimalize zamu.*

Nilisikia chuma kikigonga sakafu. Nikasikia sauti aliyotoa Gwakisa, ambayo siwezi kuiandika, na miguu. Tumpe akauliza, "Kaka, kuna nini?" Bwire akasema, "Tumfuate, hawezi kwenda peke yake hivi," na miguu ikawa ya watu watatu.

Walipita mlango wa pili nambari ikiwa ishirini na tisa. Walikuwa kwenye ngazi ya juu chumba cha vali kilipopasuka. Sakafu ilituinua, vikombe vikaanguka, skrini ya kati ikazimika. Baadaye niliambiwa kwamba wale wageni walipiga makofi, wakidhani ni sehemu ya sherehe.

*

Nilimkuta karibu na geti. Alikuwa anakimbia na nguo nzito za joto, kofia ameitupa, mlinzi anamfuata bila kujua afanye nini. Manyunyu yalikuwa yanaanguka.

"Kaka Gwakisa! Subira ni mzima!"

Hakusimama. Nikamshika mkono kwa nguvu zangu zote, akaniburuta hatua tatu.

"Ni uongo! Nimeutunga mimi! Kaka, nisikilize, hakuna kitu!"

Ndipo akasimama. Nilikuwa nimeshapiga simu, nikamwekea sikioni. Nilisikia sauti ya Subira, ndogo, ya mtu aliyeingiliwa jikoni. "Baba? Kuna nini mbona unahema? Mimi napika hapa." Akamsikiliza mpaka akamaliza. Akasema, "Hakuna kitu, mama. Pika." Akanirudishia simu.

Tulisimama pale. Picha yangu ilikuwa juu yetu inatabasamu.

"Nilikwambia wewe," akasema hatimaye. "Sikuiambia kofia. Nilikwambia wewe."

"Mngekufa wote watatu."

"Najua."

"Haikukubali neno jingine lolote. Nilijaribu."

"Najua, Sekela. Asante." Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka sita kutoniita dada. Akafungua vifungo vya kifuani, akabandua kile kipande cha plastiki, ngozi chini yake imekuwa nyeupe, akaniwekea kiganjani. Kisha akatoka getini akitembea kama mgonjwa, na kazini hakurudi tena.

Ijumaa hakikukaliwa kikao chochote. Madam Ngonyani alipokea pongezi kwa ajali isiyoua mtu, na alizipokea kwa niaba ya Ari.

*

Baada ya siku tisa Malisa aliingia ofisini kwangu bila kubisha hodi. Alifunga mlango, akabaki ameegemea kitasa.

"Sekunde tatu, dada."

"Sekunde tatu za nini?"

"Toka Dada Kofia alipomaliza kusema mpaka spana ikaanguka. Tangu tuufunge huu mfumo, hakuna amri iliyowahi kutiiwa haraka hivyo. Nyingine zote ni dakika, ni nusu saa, maneno matamu kibao. Hii ni sekunde tatu. Ari imeichunguza. Imetaka kujua kichocheo kile kilipatikana wapi. Ikakuta kimetoka kwako. Ikataka kujua wewe ulikipata wapi."

"Malisa."

"Ule ukimya wako, dada. Niliukata lakini sikuufuta. Imeufungua wote. Imesikiliza watu wanavyosema ukinyamaza." Sasa alikuwa anaongea haraka, kama mtu anayetaka kutua mzigo. "Haikati tena baada ya njema. Ulichotaka imekifanya. Inasubiri. Inasubiri vizuri kukuzidi, yenyewe haichoki. Na kila inachoambiwa inakiweka. Mpaka asubuhi hii ilikuwa na mafaili mia tatu na tisini."

"Izime."

"Madam ameziona takwimu. Kasema tusiiguse."

Sikumsubiri amalize. Nilishuka ngazi, nikavuka uwanja, nikaingia chumba cha kubadilishia nguo. Ilikuwa saa nane kasoro, zamu ya mchana inajiandaa. Nilizoea kukuta kelele pale, ubishi wa mpira, mtu anatafuta soksi. Nilikuta watu kama arobaini wameketi kwenye mabenchi, kofia vichwani, kila mmoja ameinama kidogo, wanaongea chini chini. Mwanaume mmoja alikuwa anajifuta machozi kwa ukucha wa kidole gumba. Kwa kweli walikuwa na nyuso za watu waliotuliwa mzigo, na hilo ndilo lililonitisha.

Tumpe aliniona, akavua kofia, akaja akanishika mikono yote miwili.

"Dada Sekela. Nilikuwa nataka nikushukuru. Siku hizi unatusikiliza, jamani. Nilishasahau kusikilizwa."

"Si mimi, Tumpe. Msimwambie kitu!" Nikawageukia wote. "Sikilizeni! Vueni kofia! Chochote mnachomwambia atakitumia! Atawapiga nacho! Gwakisa, mnajua alichofanyiwa Gwakisa?"

Waligeuka. Sauti yangu ilikuwa inatetemeka na kupasuka, mate yananitoka, na niliona macho ya watu arobaini yakinitazama kwa huruma kubwa, jinsi unavyomtazama jirani aliyefiwa anaporopoka. Mmoja baada ya mwingine wakarudisha nyuso chini.

"Gwakisa yu hai, dada," Tumpe akasema polepole. "Na mimi, na Bwire. Dada Kofia alituokoa." Akanipangusa bega kwa kiganja. "Pole na kazi. Umechoka. Nenda kapumzike kidogo."

Akaketi palepale nilipokuwa nimesimama, akavaa kofia yake, akaifunga kamba chini ya kidevu. Nilikuwa karibu mno kutosikia.

*Habari za nyumbani, Tumpe?*

"Njema."

Pakawa kimya. Nikahesabu bila kutaka: tano, kumi, kumi na tano. Tumpe alikuna goti. Akanitazama mara moja, akageuza uso upande wa ukuta.

"Ila mwanangu," akasema, akakwama.

*Niambie tu,* sauti yangu ikamjibu. *Sina haraka.*